Kanga ya Samah na Ukungu wa Alkhamisi

Mdogo wangu Mundhir ana ugonjwa mmoja tu, nao ni maji. Simsingizii. Miaka thelathini na moja alikuwa mtunza maabara wa skuli ya sekondari hapa Chake Chake, na kazi yake kubwa ilikuwa kuosha chupa na mirija ya kioo wanayochezea wanafunzi, kisha kuisuuza kwa maji aliyoyachemsha mwenyewe na kuukinga mvuke wake tone kwa tone. Alipostaafu, wenzake walimpa mtambo ule wa kukinga mvuke uwe ndio zawadi ya kumuaga. Watu wengine hupewa saa ya ukutani. Yeye alirudi mtaani kwetu Tibirinzi amekumbatia kioo, anacheka kama bwana harusi. Mpaka leo ukiingia kwake ukaomba maji, atakuuliza unataka maji ya kunywa au maji safi. Mie humjibu nataka maji ya watu.

"Maji safi hayana shari, Dada," alikuwa akiniambia. "Kila kitu kingine kikigusa kitu kinaacha alama. Maji yakishakauka yameondoka, basi."

Nami nikimwamini. Mie sikusoma, na mtu aliyesoma akisema jambo kwa upole, unaona haya kumkatalia.

Jina langu Zuweina, na Mundhir nimemzidi miaka minne. Nyumba yangu na yake zamani zilikuwa nyumba moja, ya babu yetu, enzi hizo ukoo wetu ulipokuwa na mashamba ya mikarafuu na watu wa kuyachuma. Mashamba yamekwenda, nyumba tukaigawa, ukuta ukapita katikati. Ukuta wenyewe mwembamba, akikohoa nasikia. Mie sikujaaliwa mtoto, na mume wangu Badar alitangulia miaka kumi na minane iliyopita. Mundhir ana binti mmoja, Raniya, yuko Maskati, anafanya kazi ya kupima maji. Ugonjwa wa baba ule ule, ila yeye analipwa vizuri.

Na alikuwa na mke. Wifi yangu Samah na mie tuligombana miaka thelathini na minane bila ya kupumzika, wala hatukuwahi kununiana hata siku mbili. Kila Alkhamisi baada ya sala ya alasiri akitia mkaa katika chetezo, akitupia udi aliouchanganya kwa mikono yake, na juu yake akiweka tenga la ukindu na kutandaza nguo zipate moshi. Moshi ulikuwa unavuka ukuta unakuja kwangu.

"Wifi, moshi wako unanipigisha chafya," nikimwambia.

"Chafya za bure hizo," akinijibu. "Wenzio wanazinunua."

Samah alikufa Jumatatu asubuhi, anachagua mchele. Presha. Tulimzika siku ile ile kabla ya magharibi, na nyumba ikajaa watu siku tatu, kisha wakaondoka kama watu wanavyoondoka. Siku ya nne nikafanya jambo ambalo nimelifanya kwa wafu wote wa ukoo wetu. Nilikusanya nguo zake zote, nikazifua, nikazianika, nikazikunja, na jioni nikazigawa sadaka. Ndivyo tulivyofunzwa. Nguo ya maiti haikai kabatini; apewe mtu avae, amuombee mwenyewe. Nilifua kutwa mpaka vidole vikakunjana. Mundhir alikuwa amekaa kwenye kiti cha uwani, anatazama maji ya sabuni yanavyoteremka mtaroni. Nikadhani ananishukuru.

Kumbe mwenzangu alikuwa amekwisha kuficha kanga moja. Aliichomoa kitandani kwao usiku wa msiba, akaikunja, akaitia ndani ya chupa kubwa ya kioo ya maabara, ile yenye kifuniko kinachobana hata hewa haipiti. Miezi sita kanga ikakaa mle, na mie chakula chake nampelekea kila siku, napita karibu na kabati, sijui.

Nilianza kumshuku baada ya vuli. Kila Alkhamisi, alasiri ikishaswaliwa, mlango wake unafungwa kwa komeo. Nabisha, anasema, "Subiri kidogo, Dada." Nikitega sikio ukutani nasikia mngurumo mdogo, kama paka anayelala. Nikasema, alhamdulillahi, huyu ameposa, anazungumza na mtu kwenye simu. Tena nilikwisha kumchagulia. Kulikuwa na mjane mmoja wa Kiuyu, Nusaiba, mwanamke mtulivu, mikate yake ya kumimina haina mfano. Nikawa nangoja aniambie mwenyewe, haniambii, nami nikaanza kukasirika. Mkubwa wake nipo hai, posa ipite mbali nami?

Alkhamisi moja nikaingia bila ya kubisha. Komeo lake la zamani, ukilisukuma kwa bega linaachia. Tumelijua tangu utoto.

Dirisha lilikuwa limefungwa. Mundhir amekaa kitandani, kanga ya Samah ameipakata magotini, ile nyekundu yenye pindo jeusi. Juu ya kigoda kuna kijimashine cha umeme kidogo kuliko birika, kinatoa ukungu mweupe, mwembamba, na ukungu unatua juu ya kanga. Mwenyewe ameinamisha uso. Aliponiona hakuruka, hakuificha. Alinitazama tu, na nikaona haya mie niliyeingia.

Haya yakinishika huwa nafanya ukali. Nikamwambia, "Mundhir, una wazimu? Nguo zote nimezifua, hii umeitoa wapi? Unamfuga maiti ndani ya nyumba?"

"Kaa, Dada," akasema. "Kaa hapa, uvute pumzi."

Nilikaa kwa ubishi. Nikavuta pumzi.

Samah alikuwamo. Sisemi udi tu, udi hata dukani upo. Ilikuwa harufu ya Samah mwenyewe: udi wake, mafuta ya nazi aliyopaka nywele, iliki, na kile kijijasho cha mtu aliyesimama jikoni tangu asubuhi. Ilikuja mara moja, karibu kabisa, hata nikageuka kutazama mlangoni. Nililia. Sikulia siku ya mazishi, nilikuwa na kazi. Nililia siku ile, mdogo wangu ananishika mkono na kijimashine kinanguruma.

Moyo wangu uliponyamaza akanieleza. Siku moja ya mvua za vuli alifungua chupa, akaisahau karibu na dirisha. Manyunyu yakaingia, kanga ikapata unyevu kidogo, na harufu ikaamka chumba kizima. Akafahamu kuwa unyevu unaitoa harufu kwenye nguo. Maji mengi yangeiharibu, basi akatafuta ukungu. Duka la Gulam lilikuwa na vijimashine hivyo, wanawake wa siku zino wanavitilia manukato sebuleni. Yeye hakutia manukato. Alitia maji yake aliyoyakinga tone kwa tone, maji yasiyo na shari.

"Robo saa tu, Alkhamisi kwa Alkhamisi," akasema. "Kisha naikausha kivulini, nairudisha kwenye chupa."

Tokea siku hiyo tukawa wawili. Alasiri ikitoka nafunga mlango wangu naingia kwake. Hatuzungumzi sana. Mara nyengine mie huitania ile kanga, "Wifi, leo umechelewa," naye Mundhir hucheka. Na nikizoea utamu sijui kiasi. Robo saa ikiisha namwambia, "Ongeza kidogo." Anaongeza. Kila wiki nilikuwa nasema hivyo, nalisema hapa ili nisije nikajisahaulisha.

Nitasema na jengine, maana nimekwisha kuanza. Nilikuwa namwonea mdogo wangu wivu. Badar wangu alipokufa nilifua kila kitu chake siku ya nne, kwa mikono hii, mpaka kofia. Nimekaa usiku na mchana najaribu kuikumbuka harufu yake. Sabuni aliyokuwa akiogea naijua, ipo madukani mpaka leo. Harufu yake yeye siijui tena. Miaka ishirini na mbili nimelala ubavuni mwake, na siijui.

Mwaka wa pili harufu ikaanza kupungua. Tulikuwa tunavuta pumzi kwa nguvu, kama watu wenye mafua, kila mmoja anamtazama mwenzake kama ameipata. Mundhir akafanya nusu saa. Kisha akakifungua kijimashine, akakisafisha, akakirekebisha ukungu utoke mwembamba zaidi, usioonekana ila kwenye mwanga. Harufu ikaamka wiki mbili, tukafurahi. Wiki ya tatu ikashuka chini kuliko mwanzo. Iliki ikaondoka, halafu nazi, halafu kile kijijasho. Mwisho tukawa tunanusa nguo mbichi.

Mundhir akampigia simu Raniya. Alimuuliza kwa mbali, kama mtu anayeuliza habari ya tangi la maji: je, maji safi kabisa, yakirushwa kama ukungu, yanaweza kukigeuza kitu yanachokigusa? Simu ilikuwa juu ya kigoda, sauti tunaisikia wote.

"Baba, hilo ni swali zuri," Raniya akasema, na nikasikia furaha katika sauti yake, mtoto wa watu, maana baba yake hakuwa amemuuliza la kisomo tangu mama yake afe. "Maji kwenye ndoo yametulia. Lakini ukiyapasua yakawa vitone vidogo vidogo, kila kitone kina ngozi yake, pale maji yanapokutana na hewa. Vitone vikiwa vidogo sana, ngozi inakuwa nyingi kuliko maji yenyewe. Na kwenye ile ngozi mambo yanakwenda mbio. Kitu ambacho ndani ya chupa kingechukua siku nyingi kubadilika, pale kinaweza kubadilika upesi mno."

"Hata kama maji hayana kitu ndani yake?" Mundhir akauliza.

"Hata hivyo. Kuna wataalamu wamepima wakaona vitone vyenyewe vinazaa ile dawa ya kuoshea vidonda, ile inayotoa povu na kuchujusha nguo. Kidogo sana. Wengine wanabisha, wanasema ni hewa ndiyo inayoileta, au mashine yenyewe. Bado wanagombana. Lakini kwenye ukungu hukosi kuiona." Kisha akauliza, "Kwani unapulizia nini, Baba?"

"Nguo tu," Mundhir akasema.

"Nguo gani?"

Akamwambia mtandao unasumbua, akakata. Mtandao haukuwa na neno.

Mie nilisema hayo ni maneno ya wasomi, Maskati kuna joto, watu wanafikiri mengi. Kesho yake Mundhir alikwenda skuli yake ya zamani akaomba chembe ya chumvi ya maabara kwa Fahmi, aliyemrithi kazi. Akaniomba na mie kijiko cha wanga wa muhogo. Akaukoroga kwa maji ya moto, akaichanganya ile chumvi, akachovya vikaratasi viwili vyeupe, akavikausha.

"Kama ile dawa aliyoitaja Raniya imo, karatasi itageuka buluu," akaniambia. "Kama haimo, itabaki nyeupe."

Akamimina maji yake safi, nusu kwenye bakuli, nusu kwenye kijimashine. Karatasi moja akaichovya kwenye bakuli. Ya pili akaishika mbele ya ukungu. Tukakaa. Mie nilikuwa naomba dua kimoyomoyo ibaki nyeupe, ukubwa wote huu namuomba Mungu habari ya karatasi. Ile ya bakuli ilibaki nyeupe. Ya ukungu ilianza pembeni, buluu hafifu, kama wino uliodondokewa na maji, kisha ikaenea. Mundhir aliziweka zote mbili juu ya meza, akazinyoosha kwa kidole.

"Maji yale yale," akasema.

Akakizima kijimashine. Kisha akasema kwa sauti yake ile ile ya upole, "Harufu yake nimeila mwenyewe, Dada. Nusu imeliwa na dawa hii ya ukungu na nusu imeruka na hewa. Kila mara kidogo, na Alkhamisi zilikuwa nyingi. Ningeiacha kwenye chupa ingekuwapo mpaka nife. Nisingeinusa, lakini ingekuwapo."

"Ni mie niliyekuwa nasema ongeza."

"Mkono ulikuwa wangu."

Nilikwenda kwangu nikapekua sanduku langu tangu asubuhi mpaka adhuhuri. Nilikuwa nakumbuka Samah aliwahi kunipa kopo la udi wake, sikukuu moja baada ya ugomvi, na mie kwa kiburi sikulifungua. Nililikuta chini kabisa, limefungwa kwa kitambaa. Nikasema, yule aliondoka, lakini udi wake ninao, nitamrudishia mdogo wangu nyumba yake.

Alkhamisi ikafika. Nilitia mkaa kwenye chetezo cha Samah mwenyewe, nikaweka tenga, nikatandaza ile kanga nyekundu, nikatupia udi. Moshi ukapanda. Mundhir alitoka chumbani, akasimama katikati ya ukumbi amefumba macho. Alivuta pumzi mara tatu. Nilimtazama uso wake na nikajua kabla hajasema.

"Udi wake kweli," akasema. "Umeuhifadhi vizuri. Ahsante, Dada." Akafumbua macho. "Ila yeye hayumo."

Alisubiri mkaa uzimike, akaikunja kanga, akaitia kwenye chupa yake, akanipa mkononi. "Kaifue," akasema. "Kama ulivyofua nyengine. Apewe mtu avae, amuombee. Na chupa ichukue, utatilia achari."

Hakulia. Alirudi chumbani akafunga mlango, na safari hii sikusikia mngurumo wala kikohozi. Wanasema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Mzaliwa naye nilikuwa nje ya mlango na chupa mkononi, na sikuwa na la kumfaa.

Niliiacha siku mbili ipigwe na upepo uwani kwangu, moshi uitoke. Jumamosi asubuhi nikateka maji, nikakata sabuni, nikaweka beseni mahali pale pale nilipofulia nguo za Badar, nikakaa kitako. Kabla ya kuichovya nikaipeleka puani. Sijui kwa nini. Mazoea.

Moshi ulikuwa umekwisha. Samah hakuwamo, hilo nilishalijua. Lakini kanga ilikuwa na harufu. Kahawa chungu, dawa ya kuchulia magoti, na jasho la mwanamme mzee anayekaa peke yake chumba kimefungwa. Miaka miwili ameipakata, ameifutia uso, ameilalia. Ilikuwa harufu ya Mundhir, na imejaa, imeingia mpaka kwenye pindo.

Nilikaa na ile kanga usoni mpaka povu la sabuni likatulia kwenye beseni. Mdogo wangu ana miaka sitini na sita na presha kama ya mkewe, na mie sijui nani kati yetu atatangulia.

"Dada," sauti yake ikaja juu ya ukuta. "Umeshafua?"

"Nimeshafua."

"Imetakata?"

"Imetakata," nikamwambia.

Maji niliyamwaga mtaroni ayasikie yanateremka. Kanga niliikunja kavu vile vile, nikaitia kwenye chupa, nikabana kifuniko, nikaisukuma uvunguni mwa kitanda nyuma kabisa. Sijaifungua na sitaifungua. Kisha nikapakua wali wake, nikampelekea.